Hedifoni za kupunguza kelele: zitanifaa nyumbani Tabora na safarini kwenda Kigoma?

Mnakili wa Isevya, Tabora

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Isevya, ni mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kunakili mahojiano: watafiti hunitumia sauti walizorekodi vijijini, nami huzisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Ni kazi inayotaka sikio lililotulia, kwa sababu mzee anayezungumza kwa sauti ya chini, huku kuku na watoto wakipita nyuma yake, hawezi kueleweka ikiwa na huku kwangu nimezungukwa na kelele. Nyuma ya ukuta wa chumba changu kuna mashine ya kukoboa na kusaga inayoanza asubuhi hadi jioni, umeme ukikatika duka la jirani huwasha jenereta, na joto la Septemba na Oktoba likiingia feni haizimwi.

Vilevile husafiri kwa treni kwenda Kigoma kumwona mama yangu Ujiji, na mara chache hupanda ndege kwenda Dar es Salaam. Kijana wa duka la simu ananishawishi ninunue hedifoni za kupunguza kelele, na anasema ukizivaa husikii chochote. Bei yake ni ya kufikiriwa mara mbili katika nyumba yenye ada za shule, kwa hiyo naomba kusikia kutoka kwa watu wanaozitumia au wanaozielewa. Je, zitaondoa kelele za mashine? Sauti za watu nazo zitaondoka? Ni salama kulala nazo ndani ya treni? Na mtu anayezivaa saa nyingi kila siku, masikio yake hayadhuriki?

Fundi Redio, Mwanga, Kigoma

Dada Mnakili, shikamoo ikiwa wewe ni mkubwa wangu. Jibu la maswali yako mawili ya kwanza limo katika namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kwa hiyo niruhusu nianzie huko.

Kwenye kila kikombe cha hedifoni hizi kuna maikrofoni ndogo inayosikia kelele za nje kabla hazijafika sikioni, na nyingi zina maikrofoni nyingine ndani ya kikombe inayopima kile kilichopenya. Saketi iliyomo hutengeneza wimbi la sauti lililo kinyume cha wimbi la kelele, yaani pale la nje linapopanda hili hushuka, na yanapokutana karibu na kiwambo cha sikio yanapunguzana nguvu. Ili hesabu hiyo itoke sawa, kelele yenyewe inapaswa kuwa nzito na ya kuendelea bila kubadilika ghafla. Ndiyo maana mngurumo wa injini, jenereta na feni hushuka sana, ilhali mlio mkali au wa ghafla hupita kabla saketi haijaupatia kinyume chake sawasawa. Kwa kukadiria, kazi kubwa ya saketi hufanyika chini ya hezi 1,000 (hezi ni kipimo cha mitetemo ya sauti: zikiwa chache sauti ni nzito, zikiwa nyingi ni nyembamba). Juu ya hapo kinachokukinga ni sifongo linalobana kuzunguka sikio, au mpira wa zile ndogo za kuchomeka, na hiyo ni kinga ambayo ungeipata hata betri ikiwa imekwisha.

Sasa ichukue mashine ya jirani yako uisikilize vipande vipande, maana si kelele moja. Kuna mvumo wa mota na mtetemo unaopita ukutani. Huo utapungua kiasi kwamba ukivua hedifoni utashangaa ulikuwa unafanyaje kazi. Kuna nyundo za ndani zinazopiga punje dhidi ya chekeche, ambazo mahindi yakimiminwa sauti yake inakuwa nzito na yakikaribia kwisha inapanda hadi kuwa mluzi. Sehemu nzito itapungua, mluzi utausikia. Kisha kuna wateja wanaoitana juu ya kelele hiyo, na hao watabaki. Sauti ya binadamu haiondoki, bali inakuwa kama imesogea mbali, na jambo moja linalowashangaza watu wengi ni kwamba mngurumo ukishaondoka, maneno ya mtu aliye jirani husikika wazi zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu hakuna tena kinachoyafunika. Kijana wa dukani amekuahidi kitu ambacho hata hedifoni ghali kuliko zote hazikifanyi.

Si ajabu iwe hivyo, kwani wazo hili limekulia kwenye ndege. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa njia ya kuzima sauti kwa sauti, lakini vifaa vya umeme vya wakati ule havikuweza kuitekeleza ipasavyo. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa Marekani aliyekuwa na kampuni ya spika, alikuwa akirudi nyumbani kwa ndege kutoka Zurich. Akavaa hedifoni alizopewa humo ndani, akaona muziki umemezwa na ngurumo ya injini, na akaanza kupiga hesabu za dawa yake kabla ndege haijatua. Kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani mwaka 1989, na zile za abiria wa kawaida zikafuata mwaka 2000. Kwa hiyo ukiwa angani ndipo utakapoona thamani ya fedha zako kwa ukamilifu. Hata zile Q400 za panga boi ambazo Air Tanzania imekuwa ikizileta Kigoma na Tabora zina mfumo wa jamii hiyo hiyo ndani yake: maikrofoni zilizofichwa ukutani husikiliza mvumo wa panga boi, na vifaa vilivyofungwa kwenye mbavu za ndege hutetema kinyume chake. Ukikaa karibu na panga boi bado utausikia mvumo, na hapo hedifoni zinamalizia kazi.

Jambo la mwisho kwa leo. Watu wengine wakiwasha hedifoni hizi huhisi masikio yameziba, kama ndege inaposhuka. Hakuna hewa inayosukumwa sikioni. Ni hisia inayotokana na kukosekana ghafla kwa sauti nzito ambazo tumezoea kuzisikia muda wote. Wengi huzoea, lakini wapo wanaopata kizunguzungu au maumivu ya kichwa, na mtu wa aina hiyo asilazimishe. Aina nyingi hukuruhusu kupunguza nguvu ya saketi au kuizima kabisa.

Mfanyabiashara wa Reli, Uvinza

Nimepanda treni ya reli ya kati baina ya Kigoma na Tabora kwa miaka mingi nikifuatilia biashara ya mawese na chumvi, na hedifoni za aina hii ninazo. Fundi ameeleza vizuri. Mimi naongezea yaliyo ndani ya behewa.

Kwenye njia hii ya zamani, mvumo wa behewa hupungua vizuri, lakini mgongano wa magurudumu kwenye maungio ya reli ni sauti ya kukatika-katika, kwa hiyo hubaki, ingawa kwa ulaini. Mimi haunisumbui. Kinachosumbua ni upepo. Ukikaa dirishani na dirisha likiwa wazi, upepo hupiga moja kwa moja kwenye vitundu vya maikrofoni, na hedifoni huanza kutoa mvumo mzito wa kwao ambao humo behewani haupo. Watu hudhani kifaa kimeharibika. Dawa ni kuhamia upande wa ndani, kufunga dirisha kidogo, au kuzima saketi na kubaki na sifongo peke yake. Na wewe nyumbani angalia usiielekeze feni usoni, kwa maana hali itakuwa ile ile. Igeuze ipulize miguuni au ukutani. Kwenye treni ya SGR, inayobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, madirisha yamefungwa na mvumo ni wa aina moja, na huko hedifoni hizi hufanya kazi kwa uzuri kuliko huku kwetu.

Kuhusu kulala nazo, jibu langu linategemea daraja. Ukiwa daraja la pili kulala, na wenzako wa chumbani mmekubaliana kufunga mlango kwa ndani, lala nazo bila wasiwasi mkubwa, isipokuwa zile kubwa zitakuumiza sikio ukilala ubavu, na zile ndogo hudondoka usiku na kupotelea chini ya vitanda. Ukiwa daraja la tatu, usiziwashe ukilala. Humo masikio ndiyo yanayolinda mzigo: unamsikia anayevuta begi juu ya kichwa chako, unamsikia jirani akikuamsha kwamba maji yamemwagika kwenye gunia lako. Halafu treni husimama vituoni usiku, Kaliua ambako njia ya Mpanda inachepuka, Urambo, Usoke, na mara nyingi abiria hujulishwa na wenzake kwa mdomo tu kwamba tumefika. Kama unashukia kituo cha njiani, weka simu mfukoni ikiwa kwenye mtetemo na umweleze jirani yako mahali unaposhukia.

Chaji nayo ifikirie mapema. Hedifoni kubwa nzuri hufika hata saa 30 zikiwa zimewashwa saketi, ilhali zile ndogo za kuchomeka nyingi hukaa saa chache tu kabla ya kurudishwa kwenye kikasha chake. Safari nzima ya Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, hivyo zile ndogo zitakuachia njiani. Mimi hubeba pawabenki na waya. Ukipanda ndege, pawabenki hiyo iweke kwenye begi la mkononi na kamwe si kwenye mzigo unaokwenda chini, na uhakikishe haizidi saa-wati 100. Yenye mAh 20,000 ni kama saa-wati 74, kwa hiyo iko ndani ya kipimo.

Nahodha Mstaafu, Kibirizi

Kwa anayekwenda kwa boti za mbao za ziwani: hapana. Injini ya boti ina mngurumo ambao hedifoni zingeupunguza vizuri, lakini ziwani nahodha akipaza sauti watu wahame upande mmoja, kila abiria anapaswa kusikia mara moja. Weka hedifoni ndani ya mfuko usiopenya maji hadi ufike nchi kavu. Nasema hivyo hivyo kwa bodaboda, kwa dereva na kwa abiria wake, na kwa anayevuka reli kwa miguu.

Muuguzi, Kasulu

Swali la madhara limeulizwa na bado halijajibiwa. Kupunguza kelele kwenyewe hakuumizi sikio, kwa sababu wimbi linalotengenezwa huondoa nguvu ya sauti badala ya kuiongeza. Kinachoumiza ni sauti unayoicheza juu yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizo hizo kwa mtoto, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo mtu mzima anayesikiliza kwa desibeli 83 ana saa 20 kwa wiki, na kwa desibeli 86 ana saa 10. Wewe, dada, ambaye unavaa hedifoni kama ajira, unafika saa 40 bila kujua, na hapo ndipo naona faida kubwa ya kifaa hiki: mtu aliye jirani na mashine ya kusaga akitumia hedifoni za kawaida hupandisha sauti ili aishinde mashine, lakini mngurumo ukiondolewa anaweza kusikiliza kwa sauti ya chini sana. Faida hiyo hupotea ukiziwasha na bado ukaacha sauti pale pale ilipokuwa. Ukivua hedifoni jioni ukasikia mlio masikioni, au sauti za watu zikawa kama zimefunikwa na blanketi, sikio linalalamika. Punguza sauti na upumzike, na hali ikiendelea nenda hospitali.

Nawaomba pia wanaofanya kazi kwenye mashine zenyewe wasinunue hedifoni hizi kama kinga. Hedifoni za muziki hazikupimwa kwa ajili hiyo. Mwenye mashine awanunulie wafanyakazi wake vizibo vya masikio au vikombe vya viwandani, ambavyo ni rahisi kwa bei na vimeandikwa vinapunguza desibeli ngapi. Naandika haya kwa sababu vijana wanaofika kwetu wakiwa hawasikii vizuri wanaanza kuwa wengi, na uziwi unaotokana na kelele hauna dawa ya kuurudisha.

Mwenye sikio linalotoa usaha asitumie zile za kuchomeka hadi apone, na mipira yake isichangiwe na watu wawili.

Bibi wa Ujiji

Mwanangu Mnakili, nimesoma kwamba una watoto wawili na una mama Ujiji, kwa hiyo nasema nawe kama mzazi. Mjukuu wangu alinunua vitu hivi alipokuwa akisomea mtihani, na nyumba nzima iliingia katika malumbano kwa muda. Baba yake akimwita haitiki. Wageni wanapiga hodi, yeye yuko sebuleni na mlango haufunguliwi. Mkubwa akikuita usipoitika, katika malezi yetu hilo si jambo dogo, na mgeni anayerudi na hodi yake huenda akasema mtaani kwamba nyumba hii siku hizi ina majivuno. Wala hapakuwa na ubaya moyoni mwake, hakusikia tu.

Tulikaa tukapanga. Akiwa anasoma hukaa akiutazama mlango, asiupe mgongo, ili amwone anayeingia. Mdogo wake ndiye anayepokea hodi saa hizo. Anayemhitaji anakwenda kumgusa bega, hapigi kelele kutoka jikoni. Na akiwa peke yake nyumbani, au kuna sufuria jikoni, au amebakiziwa mtoto mchanga, hedifoni zinakaa mezani. Nawe, kama mtoto wako mdogo bado ni wa kuangaliwa, nakusihi uzitumie wakati kuna mtu mzima mwingine anayemsikia. Mtoto akipaliwa hatoi sauti kubwa hata kwa mtu mwenye masikio wazi.

Mnakili wa Isevya, Tabora

Shikamoo bibi, shikamoo na nahodha, na asanteni nyote. Fundi, marahaba, nadhani nimekutangulia kidogo. Nimeelewa kwamba nitapumzika na mvumo wa mashine na jenereta, na sauti za watu nitaendelea kuzisikia, na hilo kwangu linatosha. Mashine inafunguliwa saa ambazo mdogo wangu wa kike yuko nyumbani, kwa hiyo pendekezo la bibi linatekelezeka, na meza nitaigeuza itazame mlango.

Nimebakiwa na mambo mawili. Je, hedifoni hizi zitasafisha pia upepo na kuku walio ndani ya sauti ninazotumiwa? Na nilipopita dukani jana nilionyeshwa ndogo za bei nafuu ambazo boksi lake limeandikwa ENC, na muuzaji akasema ENC na ANC, yaani huku kupunguza kelele masikioni tunakozungumzia, ni kitu kimoja. Ni kweli?

Fundi Redio, Mwanga, Kigoma

Dada, hazitasafisha. Saketi hushughulika na kelele zinazofika kwenye maikrofoni zake hapo ulipo, lakini kuku aliyerekodiwa Urambo tayari ni sehemu ya sauti unayotumiwa, na hedifoni zitakuletea kama alivyo, tena utamsikia vizuri zaidi. Kusafisha rekodi ni kazi ya programu ya kompyuta, na dawa iliyo bora ni mtafiti kuisogeza maikrofoni karibu na mdomo wa mzee. Mwombe hilo, atakusikiliza kwa kuwa linamhusu. Kwa kazi yako nashauri pia uzitumie kwa waya ikiwa zina tundu la waya, kwani bila waya sauti huchelewa kidogo, na mtu anayesimamisha na kurudisha rekodi kila baada ya maneno machache huchoshwa na ucheleweshaji huo.

Kuhusu ENC, si kweli, na nasikitika kwamba wauzaji wengi wanawaeleza watu hivyo. ENC ni ya maikrofoni ya kupigia simu: inapunguza kelele anazozisikia mtu wa upande wa pili unapozungumza naye. Masikioni mwako haifanyi lolote. Unachokitafuta wewe ni ANC, na hata hiyo usiiamini kwa sababu tu imeandikwa kwenye boksi. Omba ujaribu pale pale dukani. Simama karibu na feni inayozunguka, pembeni yake na si mbele ya upepo, au karibu na jenereta ikiwa umeme umekatika. Zivae bila kucheza muziki wowote, saketi ikiwa imezimwa, usikilize kwa muda. Kisha bonyeza kitufe cha kuiwasha. Ikiwa ni ya kweli, mvumo utazama hapo hapo na kilichobaki kitakuwa ni mlio hafifu na sauti za watu. Ikiwa hakuna tofauti baina ya kuwasha na kuzima, unauziwa mpira wa kuziba sikio kwa bei ya saketi, na muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda duka jingine.

Ukiangukia zilizokwishatumika, ambazo mara nyingi ni bora kuliko mpya za bandia, minya sifongo kwa kidole uone kama linarudi. Sifongo lililopasuka au kuwa gumu huvujisha sauti, na kikombe kisipobana vizuri saketi hushindwa kazi yake, lakini hilo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Betri iliyochoka ndiyo ya kuogopa, kwa hiyo ziache zimewashwa dukani wakati unafanya shughuli zako nyingine sokoni, urudi uone chaji imeshuka kiasi gani kabla ya kulipa.